Samaki wa Malindi, punje za kupima, pakti au kopo: umlishe nini paka wako Unguja na Pemba

Mwenye paka hapa kwetu hakosi ushauri. Jirani atakwambia paka ni wa samaki, maneno yamekwisha. Muuza duka atakwambia samaki anamharibu tumbo, mpe punje, yaani chakula kikavu cha kiwandani. Kijana wa nyumbani, simu mkononi, atakwambia punje hizo hizo zimeondoshwa madukani Uingereza kwa sababu ziliua paka. Kila mmoja ana lake la kweli, ndiyo maana mtu husimama mbele ya rafu asijue anyooshe mkono wapi.

Nalinganisha njia nne ambazo wengi wetu tunazitumia: punje za pakti iliyofungwa, punje za kupima kwa kilo, makopo na vipakiti vya majimaji, na chakula cha kupika nyumbani, yaani samaki, dagaa na wali kidogo. Lishe nitaigusa, lakini swali langu la kwanza kwa kila kimoja ni jingine: kikiwa kibovu, nani atajua, na habari itanifikiaje mimi niliye Mwanakwerekwe au Chake Chake?

Khofu ya chakula cha kiwandani imetoka wapi

Khofu hii si porojo. Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada iliondosha sokoni makopo na vipakiti zaidi ya milioni 60 vya chakula cha paka na mbwa, Amerika ya Kaskazini. Ndani yake mlitiwa protini ya ngano kutoka China iliyochanganywa na melamini, kemikali inayotumika kutengenezea plastiki. Melamini ina naitrojeni nyingi, na kipimo cha kawaida cha protini huhesabu naitrojeni tu, basi unga hafifu ukapita kama unga wenye nguvu. Melamini ikikutana na asidi ya sayanuriki, kemikali ya jamii yake, hufanya vijiwe vidogo ndani ya mafigo, na wanyama wakafa mafigo yakiwa yameshindwa kazi. Chapa zilizoguswa zilikaribia 100, kwa sababu kiwanda kimoja kilikuwa kinawatengenezea wengi. Kwa hiyo ukiona majina kumi kwenye rafu usidhani umeona viwanda kumi.

Mwisho wa 2020 ikawa zamu ya mahindi. Punje za Sportmix, za kampuni ya Midwestern Pet Foods ya Marekani, zilikutwa na aflatoksini, na kufikia Januari 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikuwa imepokea taarifa za vifo vya mbwa zaidi ya 110. Aflatoksini sisi si wageni nayo. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, kwa mahindi waliyoyala majumbani mwao. Ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri, na haiondoki kwa kupika wala kwa joto la mashine za kiwandani.

Kisa anachokitaja yule kijana wa simu ni cha Juni 2021. Punje zilizotengenezwa na Fold Hill Foods na kuuzwa kwa chapa kadhaa, mojawapo ya supamaketi kubwa, ziliondoshwa madukani Uingereza baada ya madaktari kuona paka wengi wakiishiwa chembe za damu za aina zote kwa mpigo. Paka zaidi ya 300 waliripotiwa kufa. Baadhi ya sampuli zilikutwa na sumukuvu zinazoitwa T-2 na HT-2, ingawa mamlaka ya chakula ya huko haikutangaza chanzo kimoja cha uhakika.

Wala si lazima uwe uchafu. Mwaka 2019 makopo ya mbwa ya Hill's, chapa ambayo madaktari wengi wa wanyama huiamini, yalirudishwa kwa sababu mchanganyiko wa vitamini ulioletwa kiwandani ulizidishwa vitamini D.

Ukivisoma visa hivi kwa pamoja unaona jambo ambalo matangazo ya simu hulipoteza njiani. Tangazo la kuondosha bidhaa sokoni halisemi chapa fulani ni mbaya milele. Linasema: pakti za uzito huu, zenye namba hii ya toleo, zinazomaliza muda tarehe hii. Mwenye paka wa Birmingham, Uingereza, aliyekuwa na pakti jikoni aliweza kuigeuza, akasoma namba, akajua. Mimi na wewe hatutapigiwa simu na mtu. Kilichobaki mkononi mwetu ni ile namba. Ukiwa nayo, unaweza kuitafuta kwenye tovuti za mamlaka za Marekani na Uingereza, ambazo huweka matangazo haya wazi kwa kila mtu. Ukiwa huna, tangazo likija au lisije, kwako ni sawasawa.

Pakti iliyofungwa na punje za kupima

Punje za kupima zina sababu zake za haki. Mtu mwenye paka mmoja na riziki ya kila siku anataka robo au nusu kilo, hana haja ya kubeba gunia. Pakti ndogo zilizofungwa, ukipiga hesabu ya kilo, ndizo ghali kuliko zote. Muuzaji anayefungua gunia kubwa na kupimia watu anawafanyia wepesi, na simlaumu.

Lakini tazama kinachotendeka pale. Katika duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, nilimwangalia kijana akipasua gunia kwa wembe, akamimina punje ndani ya ndoo kubwa ya plastiki yenye kifuniko kisichokaza, juu ya zile zilizobakia za gunia lililopita. Gunia tupu akalikunja akalisukuma chini ya kaunta.

"Kaka, hizi za chapa gani?"

"Hizi nzuri, dada'angu. Hata wazungu wa Shangani wanachukua hizi hizi."

"Na zinaisha lini?"

Akainama akachungulia ndani ya ndoo, kana kwamba tarehe imeandikwa humo.

Kijana yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ila kwa kule kumimina, kila kilichokuwa kinamlinda mnunuzi kilikwisha. Jina la kiwanda limekwenda, namba ya toleo imekwenda, tarehe imekwenda. Punje za chini ya ndoo zinaweza kuwa za miezi mingi, maana kila gunia jipya humwagwa juu na kila mnunuzi huchotewa juu. Na katika ndoo huwezi hata kujua kama ulichopewa ni cha paka au cha mbwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Paka hana uwezo wa kujitengenezea taurini, kirutubisho cha lazima kwake, ya kumtosha, na chakula cha mbwa si lazima kitiwe. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake walionesha katika jarida la Science kwamba paka wanaokosa taurini moyo wao hutanuka na kudhoofu, na wengi hupona wakirudishiwa. Mpaka leo chakula cha paka kilichoandikwa kuwa ni kamili hutiwa taurini kwa kiwango kinachopimwa. Ndoo haina cha kukuthibitishia hilo.

Halafu kuna hewa yetu. Punje hutoka kiwandani zikiwa na maji kama sehemu moja kwa kumi, na zimepakwa mafuta kwa nje ili paka azipende. Mafuta hayo yakikaa wazi kwenye joto huchacha, vitamini ndani yake zikapungua, na unyevu wa masika, Machi mpaka Mei, ukaziita ukungu na vidudu. Chukua kiganja cha punje unuse. Nzuri zinanukia unga na samaki mkavu. Zilizochacha zinanuka mafuta ya kukaangia yaliyolala siku tatu kwenye karai. Paka mwenyewe mara nyingi huwa wa kwanza kusema: anasogea, ananusa, anafukia kwa mkono kama anafukia choo chake, anaondoka. Watu humwita mwenye madeko. Kabla hujamwita hivyo, nusa wewe. Lakini pua ina mpaka wake: punje zenye aflatoksini zinaweza zisionekane wala zisinuke chochote.

Pakti iliyofungwa nayo ina mitihani yake. Imesafiri kwa meli, imekaa ghalani Dar es Salaam au kwingineko, ikavuka kivuko, ikawekwa dirishani duka linapopigwa na jua la alasiri. Usinunue iliyo dirishani, omba ya ndani. Minya pakti taratibu usikilize: ikitoa pumzi kwenye mshono, imeshatoboka. Angalia kama tarehe imebandikwa stika juu ya tarehe nyingine. Na usidanganywe na unafuu wa gunia kubwa. Paka wa kilo 4 hula kiasi cha gramu 50 hadi 60 za punje kwa siku, basi pakti ya kilo 2 inamtosha mwezi na siku chache. Gunia la kilo 10 kwa paka huyo mmoja ni chakula cha miezi mitano na zaidi, na mafuta yake hayatangojea miezi mitano Unguja. Wenye paka wanne au watano ndio wenye haki ya gunia.

Ukishafungua, usimwage punje kwenye ndoo yako ya nyumbani ukatupa pakti, maana utakuwa umefanya kazi ile ile ya kijana wa kaunta. Iache ndani ya pakti yake, kunja mdomo, bana kwa kibanio cha nguo, kisha itie pakti nzima ndani ya ndoo yenye mfuniko. Namba inabaki, na panya hawaingii.

Kama huna njia ila kununua za kupima, basi nunua siku gunia linapofunguliwa mbele ya macho yako, na piga picha ya sehemu iliyoandikwa namba na tarehe. Wauzaji wengi hawakatai ukiwaomba kwa wema. Au ungana na jirani zako wawili watatu mnunue pakti moja mgawane, yule wa kwanza ahifadhi mfuko. Kati ya njia zote nne, ndoo ya kupima naiweka ya mwisho, chini hata ya vichwa vya samaki vya bure, na sina wasiwasi na hukumu hiyo.

Makopo na vipakiti vya majimaji

Hapa nitapita haraka, kwa sababu wengi wetu tunayanunua kwa nadra.

Faida kubwa ya kopo ni maji. Punje zina maji kama asilimia 10, kopo lina asilimia 75 hadi 80. Paka ni mnyama wa jangwa kwa asili, hanywi sana hata akiwa na kiu, na katika joto la kaskazi anayekula punje peke yake mkojo wake huwa mzito. Dume anaweza kuziba njia ya mkojo kabisa, na hilo ni la kukimbilia daktari siku hiyo hiyo. Kopo pia limepikwa likiwa limefungwa, kwa hiyo vijidudu si tatizo mpaka ulifungue.

Ukilifungua mambo yanageuka. Bila friji, au umeme ukikatika, kopo lililoachwa nusu asubuhi ni la kutupwa mchana. Kwa hiyo kwa paka mmoja vipakiti vidogo vya mlo mmoja vinafaa kuliko kopo kubwa, hata kama bei kwa gramu iko juu. Kopo lililovimba usiliguse. Lenye kutu kwenye maungo, jambo la kawaida kwa duka lililo karibu na pwani, liache pia.

Soma kama limeandikwa ni chakula kamili au ni cha ziada. Makopo mengi mazuri ya vipande vya jodari, yale yanayoonekana kama chakula cha binadamu, ni ya ziada tu, na paka akiyala peke yake kwa miezi atapungukiwa. Hata yaliyo kamili hukosewa: Januari 2017 makopo ya paka ya 9Lives yalirudishwa Marekani kwa sababu vitamini B1 ilikuwa haitoshi.

Kisha kuna suali ambalo waandishi wa huko hawaliulizi na sisi tunaliuliza: ndani mna nguruwe? Ikiwa karatasi inasema nyama na mazao ya wanyama bila ya kutaja mnyama gani, jua kwamba nguruwe anaweza kuwemo. Paka mwenyewe tumefundishwa si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Lakini kijiko, sahani na mikono ni vyako. Hukumu yake kamuulize sheikh wako. Mimi nachukua lililoandikwa wazi kuku au samaki, nikamaliza mjadala.

Samaki, dagaa na chungu cha nyumbani

Hiki ndicho chakula cha paka wengi wa visiwa hivi, na watu wa pakti wanakidharau kuliko kinavyostahili. Samaki unamwona. Unamtazama jicho kama limesimama au limezama, unafunua shavu uone wekundu wake, unabonyeza tumbo. Ukaguzi huo hakuna wa kukufanyia kwenye pakti. Bei nayo, ukichukua vichwa, mikia na vile vidogo vinavyobaki kwenye mafungu jioni pale Malindi au Darajani, hakuna kinachoishinda.

Kasoro yake ni upande wa pili wa sifa hiyo hiyo: mkaguzi ni wewe peke yako. Samaki hana namba ya toleo, na hakuna atakayetangaza kwamba fungu la juzi lilikuwa bovu. Kwa hiyo inabidi ujue mambo ambayo kiwanda kingeyajua kwa niaba yako.

La kwanza ni kupika. Samaki wengi, wakiwemo jamii za dagaa, wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka anayelishwa mabichi kila siku huanza kukataa chakula, kisha huyumba, kichwa kikamwinamia kifuani asiweze kukiinua, mwisho hushikwa na mitukutiko. Moto hukiua kimeng'enya hicho. Kipande kibichi kimoja alichodokoa ukiwa unaparua hakimdhuru, ninachokisemea ni mazoea ya kila siku.

La pili, moto hauponyi kila kitu. Vibua na jodari waliokaa juani bila barafu hufanya histamini, kemikali inayodhuru mlaji, na histamini haivunjiki kwa kuchemsha. Kama samaki yule wewe mwenyewe usingemla, usimwone ndiye halali ya paka. Bunju asikaribie nyumba kabisa: sumu yake haiondoki kwa moto wala kwa chumvi, na paka hukuta mizoga yake imetupwa ufukweni. Na kasa. Pemba tumezika watu kwa nyama ya kasa zaidi ya mara moja, saba Novemba 2021, na Machi 2024 watoto wanane na mtu mzima mmoja Kisiwa Panza. Sumu ile hupikwa na ikabaki. Zaidi ya kwamba kumvua kasa ni marufuku, hiyo si nyama ya kusema basi mabaki tumpe paka.

La tatu ni chumvi, na hapa wengi hawana habari. Dagaa wakavu wetu, wale wa Kama na Mkokotoni, hawaanikwi vivi hivi. Wakishuka chomboni huchemshwa kwenye mapipa ya maji ya chumvi, ndipo wakaanikwa. Ukimpa paka wakavu kama walivyo, unampa chumvi na mchanga pamoja. Warowanishe kwa maji ya moto, mwaga, warowanishe tena, mwaga, ndipo uwachemshe. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Siku za giza, dagaa wabichi wanapoingia kwa wingi, nunua hao uwachemshe mwenyewe bila chumvi. Ukifika mwezi mpevu, vyombo vya taa havitoki, utarudi kwa wakavu na kurowanisha kwako.

Mchuzi wetu nao si wa paka. Kitunguu maji na kitunguu thomu huvunja chembe nyekundu za damu yake, hata vilivyopikwa, hata vilivyosagwa. Tui la nazi humwendesha. Mtengee wake kabla hujatia viungo. Miiba ya samaki mkubwa ukishaipika huwa mikavu na mikali, itoe. Ya dagaa haina neno, na ndiyo inayompa chokaa.

Baada ya yote hayo, samaki peke yake bado hamtoshi. Samaki wa mafuta kila siku bila vitamini E humfanya paka apate uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, unamgusa mgongoni analia. Taurini huyeyukia kwenye maji unayochemshia, hivyo usimwage supu ile, mpe pamoja na nyama yake. Mara mbili tatu kwa wiki badilisha: moyo wa kuku au wa ng'ombe, ambao una taurini nyingi, au yai lililoiva. Ini kidogo tu mara moja kwa wiki, kwani likizidi vitamini A yake huharibu mifupa ya shingo. Wali uwe wa kujazia, si sahani nzima. Paka wa kilo 4 anataka kiasi cha gramu 200 za samaki aliyepikwa kwa siku, zaidi kidogo akiwa mnyonyeshaji, na nimeona nyumba ambazo paka hupewa wali wa sahani na harufu ya samaki juu yake, kisha watu wakashangaa kwa nini anaiba.

Wapo sasa wanaofuata mtindo wa kulisha kuku mbichi kwa hoja kwamba ndiyo asili ya paka. Salmonela, bakteria ya utumbo wa kuku, haichagui kati ya paka na mtoto anayetambaa sakafuni. Na Desemba 2024 huko Oregon, Marekani, paka wa ndani alikufa kwa homa ya mafua ya ndege, na virusi vilikutwa kwenye chakula kibichi cha bata mzinga cha Northwest Naturals alichokuwa akilishwa. Chemsha.

Sasa uchague nini

Ukiwa mjini na uwezo wa wastani, chaguo langu ni mseto: pakti ndogo iliyofungwa, iliyoandikwa chakula kamili cha paka, ndiyo iwe msingi, na samaki aliyechemshwa na supu yake jioni. Punje zinambebea taurini na vitamini ambazo chungu chako hakina uhakika nazo, samaki anambebea maji. Na ikitokea tangazo la kuondosha ile pakti, paka hakuwa anategemea kitu kimoja asubuhi na jioni, sumu ya kidogo kidogo haikupata nafasi ya kujaa mwilini. Kubadilisha chapa kila pakti mbili tatu nako kunasaidia, ilimradi ubadilishe kwa kuchanganya polepole kwa wiki moja asije akaharisha.

Pemba ni hesabu nyingine. Ukitoka nje ya Chake, Wete na Mkoani, pakti ni za kuagiza, na zinafika zikiwa zimebakiwa na muda mfupi. Kuliko pakti ya mwezi mmoja kabla ya mwisho, nitamchukulia dagaa na moyo wa kuku bila kusita. Aliyehasiwa na asiyetoka ndani, hasa dume, mzidishie vya majimaji. Paka mwenye mimba na vitoto mpaka miezi kama kumi na miwili ndio ninaowapigania wapate pakti kamili, hata kama ni ya kukopa, kwa sababu upungufu wa umri ule haurudi nyuma. Paka wa barazani, wale wanaokula kwa watu wote, vichwa vya samaki vilivyochemshwa na maji safi kwenye kifuu cha nazi vinawatosha, mengine wanajitafutia.

Wenye mbwa wa kulinda shamba au nyumba: mbwa anastahimili nafaka kuliko paka, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana ndiye anayepewa dona lililoota ukungu ambalo watu wamelikataa. Mpe wali. Aflatoksini huwaua mbwa wepesi, visa vya Marekani vimeonesha hivyo.

Na paka akianza kutapika, kukataa kula siku ya pili, ufizi ukipauka au macho yakiwa manjano, simamisha chakula alichokuwa anakila chote, usimpe hata cha kumaliza. Usitupe kilichobaki. Kitie kwenye mfuko safi uufunge, na pakti yake pamoja, umpelekee daktari wa mifugo. Kama ni samaki, mwambie samaki gani, wa soko gani, na alikaa muda gani bila barafu. Kama ni punje za kupima, mwambie duka na siku uliyonunua, kisha rudi dukani ukaombe uoneshwe gunia kabla halijatupwa.